Asiyeagizwa kitu asirudi na soko zima

Ndugu Mhariri,

Mtume mtoto soko la Mgandini na karatasi ya vitu vya kununua. Akifika mbele ya wachuuzi akaikunjua, akakuta haina hata neno moja, atafanya nini? Mtoto mwenye akili atarudi na kapu tupu aulize. Mwingine ataazima simu apige nyumbani. Hakuna atakayekodi fuso akapakia vitunguu, nazi, dagaa na meza za wachuuzi, eti kwa kuwa hakuambiwa aache nini.

Programu iliyoandikwa kwa haraka ndiyo huyo mtoto wa fuso. Ikikabidhiwa orodha isiyo na kitu, inachukua kila kitu. Tunaomba nafasi katika ukurasa wenu tulieleze jambo hili kwa wanaoandika programu za Saccos, shule, maduka ya dawa na vyama vya wakulima, na zaidi kwa wanaozilipia, kwa sababu kosa la namna hii halionekani siku ya maonyesho. Siku hiyo kila kisanduku hujazwa. Balaa huja siku ambayo mtu hakujaza.

Kanzidata, yaani ghala la taarifa za programu, iwe PostgreSQL, MySQL, Oracle au SQLite, haizungumzi na karani moja kwa moja. Katikati kuna tabaka la amri zilizoandikwa na mwandaaji programu: tafuta mwanachama, hifadhi malipo, futa rekodi, leta jumla ya mwezi. Tabaka hilo ndilo kiolesura, na kila amri yake hupokea kitu: namba, tarehe, jina, orodha. Tunachouliza ni hiki: amri ikiitwa bila kupewa kitu, ifanye nini?

Kwanza tukubaliane kwamba utupu si wa aina moja. Kiswahili kimezoea kuupangia mahali pake. Tuna hapana, hakuna na hamna, na mtu wa Tanga hababaiki kuchagua: samaki hamna ndani ya tenga, mashua hakuna huko baharini. Kompyuta inahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo, ila mgawanyo wake ni mwingine. Chukua daftari la samaki wanaoshushwa Deep Sea, hapa Tanga. Siku ambayo upepo wa kusi ni mkali na hakuna mashua iliyotoka, kilo ni 0. Hapo tunajua, na tunachokijua ni sifuri. Siku ambayo mashua zilitua lakini karani hakufika, kilo zipo ila hazijulikani. Kesho nayo haijafika, kwa hiyo hata mstari wake haupo. Programu mbovu huandika 0 kote.

Chukulia siku 10. Siku 7 ziliandikwa na jumla yake ni kilo 2,100. Siku 3 karani hakuwapo. Wastani wa siku zilizoandikwa ni kilo 300. Ukizijaza zile 3 kwa sifuri unapata 210, na atakayesoma ripoti atatangaza kwamba samaki wanapungua. Samaki hawakupungua, aliyepungua ni karani. (Neno sifuri lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao sifr maana yake ni tupu, kwa hiyo mchanganyiko huu haukuanza na kompyuta.)

Edgar F. Codd wa IBM alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa kanzidata za majedwali, na SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata iliyozaliwa na fikra hizo, hutumia alama ya NULL kwa kile kisichojulikana. NULL si sifuri. Si maandishi matupu. Hailingani hata na NULL mwenzake: ukiuliza kama NULL ni sawa na NULL hujibiwi ndiyo wala hapana, unajibiwa "sijui". Ndiyo maana haiulizwi kwa alama ya usawa bali kwa IS NULL. Oracle ina desturi yake hapo, kwani maandishi yasiyo na herufi hata moja huyahesabu kuwa NULL, ilhali PostgreSQL huvitenga viwili hivyo. Programu ikihamishwa kutoka Oracle kwenda PostgreSQL bila kukaguliwa, wanajitokeza wanachama ambao jina lao la kati ni maandishi matupu, na lile sharti la IS NULL lililokuwa likiwakamata sasa linawapita.

Jumla nazo zina mtego wake. Ukihesabu mistari ya mauzo kwa COUNT katika mwezi usio na mauzo, unapata 0. Ukijumlisha kiasi kwa SUM katika mwezi huo huo, unapata NULL. Kisha programu inachukua salio la mwezi uliopita na kuliongezea NULL, na jibu ni NULL: salio zima limepotea kwenye ripoti ingawa fedha ziko palepale. Dawa yake ni kuandika COALESCE(SUM(kiasi), 0), yaani jumla ikiwa NULL weka 0, na ni dawa halali, kwa kuwa jumla ya vitu visivyokuwapo ni sifuri kweli. Usiibebe dawa hiyo kwenye wastani. Wastani wa vitu visivyokuwapo hauna jibu, na 0 ikiandikwa hapo ni uongo. Acha wazi, au andika "hakuna takwimu".

Kinacholeta hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ni orodha.

Karani wa Saccos anawawekea tiki wanachama waliochelewesha marejesho, kisha anabonyeza "tuma ujumbe". Nyuma ya pazia programu inaandika: chagua wanachama ambao namba zao zimo katika (14, 27, 51). SQL hutumia neno IN hapo. Karani asipoweka tiki hata moja, mabano yanabaki matupu. PostgreSQL na MySQL zitaikataa sentensi hiyo kuwa ina kosa la sarufi. SQLite itaipokea na kurudisha mistari 0. Tofauti hiyo peke yake ni shimo: programu inajaribiwa kwenye kompyuta mpakato yenye SQLite, inapita salama, halafu inawekwa kwenye seva yenye MySQL na kuanguka mara ya kwanza mtu asipochagua kitu.

Kuanguka kuna afadhali, maana kunapiga kelele. Ubaya uko kwenye dawa inayofuata. Mwandaaji anaona kosa na kuongeza mstari mmoja: kama orodha haina kitu, usiweke sharti. Sentensi inayobaki ni "chagua wanachama", basi. Kosa limetoweka kwenye skrini, na meseji ya kudaiwa inawafikia wanachama wote, akiwamo aliyemaliza mkopo wake mwaka juzi na mzee ambaye hajawahi kukopa.

Kwa nini mtu mwenye akili zake aandike hivyo? Kwa sababu mahali pengine ni sahihi. Kwenye ukurasa wa kutafuta, kisanduku cha wilaya kikiachwa wazi maana yake ni wilaya zote: Muheza, Korogwe, Pangani, zote. Ndivyo kila mtumiaji anavyotarajia. Kisha kipande kile kile cha programu kinaazimwa kwenye ukurasa wa kufuta. Kutafuta na kufuta ni ndugu kwa herufi, kwa madhara hawajuani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. "Sikupewa orodha" na "nimepewa orodha, haina mtu" ni taarifa mbili. Ya kwanza inaweza kumaanisha wote, tena kwenye kutafuta tu. Ya pili haimaanishi wote kamwe. Maana yake ni hakuna. Kiolesura kinachozichanganya kina kasoro hata kama hakijawahi kuleta hasara.

Lugha za programu zinachangia mchanganyiko huo. Katika Python, mtu akiandika "kama si orodha", sharti linatimia kwa None (alama yake ya kisichotolewa), kwa orodha tupu, kwa maandishi matupu na kwa 0 vilevile. Katika PHP, empty() inaihesabu hata herufi "0" kuwa ni tupu, hivyo aliyejibu kwamba ana watoto 0 anahesabiwa kuwa hakujibu. JavaScript inakwenda kinyume: orodha tupu kwake ni kitu kilichopo, lakini maandishi matupu yakigeuzwa namba kwa Number() yanakuwa 0. Dawa ni kuuliza swali mahsusi: je, kigezo ni None? Kama sivyo, je, urefu wake ni 0? Ni mistari miwili badala ya mmoja.

Wapo watakaosema kwamba maana ya utupu ni suala la ladha tu. Si kweli, hesabu zimeshaamua. Jumla ya visivyokuwapo ni 0, na jibu la kuvizidisha ni 1. Ukiuliza "je, yupo hata mmoja?" kuhusu chumba kisicho na mtu, jibu ni hapana. Ukiuliza "je, wote waliomo wamelipa?" jibu ni ndiyo, kwa kuwa hakuna aliyemo wa kukanusha. Hilo la pili linashangaza, nalo lina sumu. Fikiria programu ya mikopo iliyoandikwa: kama wajumbe wote wa kamati wameidhinisha, toa fedha. Mkopo ukiingizwa kabla kamati haijapangiwa wajumbe, orodha ya wajumbe ni tupu, "wote wameidhinisha" ni kweli, na fedha zinatoka bila saini hata moja. Kompyuta haijakosea hapo. Aliyekosea ni aliyesahau sharti la pili: idadi ya waliopangwa isipungue akidi. Kila mahali penye neno "wote" katika programu ya fedha pakaguliwe kwa jicho hilo.

Kinyume cha IN, yaani NOT IN, kina balaa lake. "Lete wanachama wasiomo katika orodha ya waliolipa." Orodha ikiwa tupu, wanakuja wote, na ni sawa kabisa, kwani hakuna aliyelipa. Lakini ndani ya orodha hiyo ikiingia NULL moja tu, pengine kwa stakabadhi iliyosajiliwa bila namba ya mwanachama, haji hata mtu mmoja. Sababu ni ile "sijui": kanzidata haiwezi kuapa kwamba mwanachama namba 27 si yule asiyejulikana, kwa hiyo inamwacha nje, na wengine wote vilevile. Ripoti ya wadaiwa inatoka nyeupe na ofisi inafurahi. Tumia NOT EXISTS, inayouliza kama hakuna mstari unaolingana, au ziondoe NULL kwanza.

Vyombo vya kujengea programu vinavyotumika sana havikubaliani, kwa hiyo usikisie. Django ikipewa orodha tupu kwenye kichujio cha "imo katika" inarudisha matokeo matupu bila hata kwenda kwenye kanzidata. Rails inaandika sharti lisiloweza kutimia, 1 = 0. MongoDB, kanzidata isiyotumia SQL, kwa $in ("imo katika") tupu hailingani na kitu, kwa $or ("au") tupu inakataa kwa kosa, lakini kwa deleteMany yenye kichujio kitupu inafuta mkusanyiko wote. Prisma ya JavaScript imezoea kuihesabu thamani isiyowekwa kana kwamba sharti halikuandikwa, hivyo "futa ambaye namba yake ni hii" inaweza kugeuka "futa" tu. Kila moja ina sababu zake. Anayejenga juu yake ndiye wa kusoma maelezo na kuziba pengo.

Nje ya kanzidata hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2015 ilibainika kwamba hati ya kuendeshea Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Linux ilifuta mafaili ya watumiaji kwa sababu jina la folda lilikuwa tupu, na amri ya kufuta vilivyomo ndani ya folda fulani ikabaki amri ya kufuta kuanzia mzizi wa kompyuta. Mwandishi wake alikuwa ameacha maoni kando ya mstari huo kwamba unatisha.

Sasa kiolesura kizuri kikoje? Amri ya kusoma ikipewa orodha tupu irudishe orodha tupu: si kosa, si NULL, bali kitu cha aina ile ile ambayo ingerudi kama watu wangekuwapo, ili anayepokea asilazimike kuandika njia mbili. Ukague ruhusa kwanza, kisha urudishe, bila kusumbua seva. Amri ya kuingiza mistari mingi kwa pamoja ikipewa mistari 0 iseme imefanikiwa, imeingiza 0. SQL yenyewe haikubali VALUES isiyo na mstari, kwa hiyo hilo lishikwe kabla.

Amri za kubadili na kufuta ni habari nyingine. Zikikosa sharti zikatae, tena kwa sauti: "hukutaja cha kufuta". Anayetaka kweli kufuta vyote apewe amri yake peke yake yenye jina refu lisiloandikwa kwa bahati mbaya. MySQL ina kinga ya namna hiyo kwa wanaofanya kazi kwa mkono, sql_safe_updates, ambayo hukataa UPDATE na DELETE zisizotumia ufunguo kwenye WHERE (sehemu ya sharti) wala kikomo cha LIMIT. Kwenye programu yake ya kuandikia amri, chaguo hilo lina jina la pili la Kiingereza lenye maana ya "mimi ni mbumbumbu". Tunashauri kila mtaalamu akubali kuwa mbumbumbu. Na kabla ya kufuta chochote kwa mkono: fungua muamala, yaani kazi inayoweza kutanguliwa, kwa START TRANSACTION, endesha amri, soma idadi ya mistari iliyoguswa. Ulitarajia 3 ukaona 4,812? ROLLBACK, yaani rudisha kama ilivyokuwa. Hakikisha tu kwamba majedwali yako ya MySQL ni ya aina ya InnoDB, maana yale ya zamani ya MyISAM hayarudi nyuma.

Kurekebisha taarifa za mtu kunataka uangalifu wa peke yake. Mkulima wa machungwa wa Muheza anabadili kijiji tu. Simu haikutajwa kwenye ujumbe uliotumwa. Je, simu yake ifutwe? Hapana. Kisichotajwa kisiguswe. Kilichotajwa kuwa null ndicho kifutwe. Utaratibu huo umeandikwa tangu 2014 katika RFC 7396, hati ya viwango vya intaneti, kwa ujumbe wa JSON (muundo wa maandishi ambao programu hutumiana taarifa), kwa hiyo hakuna haja ya kubuni wa kwako. Programu nyingi huharibu hapa kwa kutuma fomu nzima pamoja na visanduku ambavyo ukurasa haukuvipakia, na namba za simu zinapukutika moja moja bila mtu kujua nani alizifuta.

Maandishi yapunguzwe nafasi za mwanzo na mwisho kabla ya kuulizwa kama ni matupu. Jina la "   " si jina. Angalia pia ile nafasi isiyokatika, U+00A0, inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word. Baadhi ya amri za kupunguza haziioni. Na tafadhali, msilazimishe jina la kati. Ukilazimisha, asiye nalo ataandika "x", mwingine kistari, mwingine nukta, na siku ya kulinganisha majina utakuta ukoo mkubwa wa akina X. Kitu kisichokuwapo kiruhusiwe kutokuwapo.

Kwa wanaosaini mikataba, msikubali kupokea mfumo kabla hamjafanya majaribio haya mbele ya mzabuni. Hayagharimu kitu. Bonyezeni "futa" na "tuma" bila kuweka tiki popote. Fungueni ripoti ya mwezi usio na muamala hata mmoja. Pakieni faili la Excel lenye vichwa vya safu tu, kisha lingine lenye mstari mmoja tu. Ingizeni mkopo usio na mjumbe wa kuuidhinisha. Jazeni jina kwa nafasi tatu. Badilini kijiji cha mtu, kisha fungueni rekodi yake muone kama simu bado ipo. Kila jibu liandikwe, na mzabuni aseme kwa maandishi kama ndivyo alivyokusudia.

Mwisho tazameni tarehe, maana zinataja aliyeumeza utupu. Mkiona mwanachama amezaliwa 30 Desemba 1899, sifuri imesomwa na Access, kanzidata ya Microsoft. Mkiona 1 Januari 1900, kuna uwezekano mkubwa maandishi matupu yaligeuzwa tarehe na SQL Server. 0000-00-00 ni MySQL iliyolegezwa masharti. Na mkikuta malipo ya 1 Januari 1970, saa 9 kamili usiku, hakuna mtu aliyelipa saa hizo. Hiyo ni sifuri ya saa za Unix, mwanzo wa hesabu ya muda kwenye kompyuta nyingi, inayoanza saa 6 usiku kwa saa za dunia, ikiwa imeongezwa saa 3 za Afrika Mashariki. Mstari huo haukuwa na tarehe. Tafuteni stakabadhi yake.

Waandaaji programu,
Ngamiani, Tanga